Jiwe la Morogoro, risasi ya Mpanda na mganga wa Karema

Kuna swali moja la fizikia ambalo wanafunzi wengi hulikariri na kulijibu kwenye mtihani bila kuliamini: je, kitu kikikimbia sana karibu na mwendo wa mwanga, tungamo lake linaongezeka? Mwalimu anasema ndiyo, anaandika kanuni ubaoni, kengele inalia, watu wanakwenda kula ugali. Swali linabaki kama mgeni aliyekuja na ndege na kuondoka na ndege.

Mimi naliona tofauti kidogo. Nikiangalia miaka ambayo jambo hili lilikuwa linabishaniwa Ulaya, naona mambo yetu yamo humo humo. Liko jiwe lililotoka milima ya Uluguru, liko ziwa letu la Tanganyika, ipo risasi ya Mpanda. Na yuko mzee mmoja wa Karema ambaye maisha yake ya kazi yalianza kabla swali halijaulizwa na yakaisha baada ya jibu lake kuteketeza miji miwili. Naomba tutembee pole pole.

Tuanzie Karema. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alifungua hapo kituo cha kile chama cha kimataifa cha Afrika kilichoongozwa na Mfalme Leopold wa Pili. Karema ndiyo iliyokuwa ngome yao kando ya ziwa. Baada ya mkutano wa Berlin wakubwa waligawana, upande wetu ukaangukia kwa Wajerumani, na mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa kwa mapadri wanaoitwa White Fathers. Leopold akahamishia macho yake ng'ambo ya ziwa, Kongo. Tafadhali kumbuka hiyo ng'ambo, tutairudia.

Mwaka 1889 akafika Karema kijana aitwaye Adriano Atiman. Alizaliwa huko Afrika Magharibi, upande wa Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akanunuliwa na wamisionari, kisha akasomeshwa udaktari Malta. Alitibu watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Hata leo Sumbawanga kuna hospitali yenye jina lake. Nitamtumia mganga huyu kama saa ya ukutani: kila likitajwa jambo la Ulaya, tuangalie yeye alikuwa wapi. Jibu litakuwa lile lile, alikuwa Karema anasafisha vidonda.

Atiman alikuwa na miaka sita Karema pale Röntgen alipogundua eksirei mwaka 1895, kule Würzburg. Mwaka uliofuata Becquerel akagundua, mjini Paris, kuwa urani inatoa mionzi yenyewe bila kuchokozwa na mtu. Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie wakatangaza radiamu. Mwaka 1899 Ernest Rutherford akaitenganisha mionzi hiyo katika makundi, moja akaliita alfa na jingine beta. Muda si mrefu ikajulikana kwamba beta ni elektroni, zile chembe ndogo za umeme, zinatoka ndani ya jiwe kwa kasi ya kutisha.

Kasi gani? Mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Elektroni za beta kutoka radiamu na wazao wake zinakwenda nusu ya mwendo huo, nyingine zaidi ya tisa ya kumi. Kabla ya hapo hakuna binadamu aliyewahi kushika kitu kinachokimbia hivyo. Risasi ya bunduki haifiki hata kilomita mbili kwa sekunde.

Sasa akaja Walter Kaufmann, Mjerumani. Mwaka 1901 alichukua punje ya radiamu, akaziachia elektroni zipite katikati ya sumaku na umeme, halafu zipige alama kwenye bamba la picha. Wazo lake ni rahisi. Ukiusukuma mtumbwi mtupu ubavuni unageuka mara moja. Ukiusukuma mtumbwi uliojaa dagaa, kwa nguvu ile ile, unageuka kwa uvivu. Basi sumaku ndiyo mkono unaosukuma, na alama kwenye bamba inaonyesha mtumbwi umegeuka kiasi gani. Kaufmann akaona kuwa elektroni zenye kasi zaidi zinagoma kugeuka kuliko hesabu za Newton zinavyotaka. Kama kwamba mtumbwi unajaa dagaa kwa kukimbia tu!

Mwaka 1905 karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, Albert Einstein, akatoa sababu. Alianza na mwanga na saa, wala siyo na elektroni, lakini hesabu yake ilifika hapo hapo. Ugumu wa chembe kuongezewa mwendo unakua kadiri inavyokaribia mwendo wa mwanga. Kwa nusu ya mwendo wa mwanga, ugumu unapanda kwa asilimia 15. Kwa tisa ya kumi, unakuwa mara 2.3. Kwa 99 ya mia, mara 7. Kwa 999 ya elfu, mara 22. Na ukitaka kuufikia mwendo wenyewe, hesabu inakuambia leta nishati isiyo na mwisho. Haipo. Ndiyo maana hakuna chembe yenye tungamo itakayoufikia mwanga.

Mwishoni mwa mwaka huo huo akaongeza makala fupi ya kurasa chache: kitu kikitoa nishati, kinapungua tungamo. Kiasi kinachopungua ni nishati hiyo igawanywe kwa kipeo cha pili cha mwendo wa mwanga. Hiyo ndiyo kanuni inayoandikwa hata kwenye fulana.

Mnadhani walimshangilia? Mwaka 1906 Kaufmann alitoa vipimo vipya akasema vinaipinga hesabu ya Einstein na ya Lorentz, vinaikubali ya mpinzani wao Max Abraham. Lorentz, mtu mzima mwenye tuzo ya Nobel, alikaribia kusalimu amri. Einstein hakusalimu. Mwaka 1907 aliandika kwamba tofauti ipo kweli, lakini vipimo zaidi vinahitajika kabla ya kuhukumu. Mwaka 1908 Alfred Bucherer wa Bonn akapima kwa chombo kingine, naye akapata majibu yanayomuunga mkono Einstein. Hata hivyo ubishi haukufa. Miaka thelathini baadaye wengine walikipitia upya chombo cha Bucherer, wakaonyesha kuwa hakikuwa na uwezo wa kuamua jambo hilo. Mwaka 1940 ndipo kikapatikana kipimo cha beta za radiamu kilichokuwa safi kweli kweli, na Einstein akathibitika. Hivi ndivyo sayansi inavyokwenda, haina haraka.

Haya, turudi nyumbani. Katika miaka hiyo hiyo ya ubishi, Wajerumani walikuwa wanachimba ulanga katika milima ya Uluguru, Morogoro. Ulanga ni yale madini yanayobanduka kama karatasi na kung'aa. Ndani ya miamba hiyo yakapatikana mawe meusi mazito yenye urani, mengine yamebadilika na kuwa na rangi ya njano. Yakapelekwa Ujerumani. Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald akayachunguza, akakuta hiyo njano ni madini ambayo hayajawahi kuandikwa popote duniani. Akayapa jina rutherfordine, kwa heshima ya Rutherford. Mpaka leo, katika vitabu vya madini vya dunia nzima, makazi ya asili ya rutherfordine ni Uluguru, Morogoro.

Jiwe likatoka Morogoro, jina likatoka kwa mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Morogoro. Aliyelichimba kwa sururu, Mluguru au mtu mwingine, hana jina popote.

Jiwe hilo halikuishia kwenye kabati. Kati ya mwaka 1914 na 1915 Otto Hönigschmid na mwenzake Stefanie Horovitz, waliofanya kazi na Taasisi ya Radiamu ya Vienna, walitaka kujua jambo lililoonekana kichaa: je, risasi zote ni sawa? Nasema risasi ile metali laini na nzito, tusichanganye na ile ya bunduki. Kwa miaka mia wakemia waliamini kwamba kila elementi ina uzito mmoja wa atomi. Lakini wanafizikia walikuwa wanasema urani inaoza hatua kwa hatua na kuishia kuwa risasi. Kama ni kweli, risasi iliyozaliwa na urani lazima iwe na uzito wake tofauti.

Walipima risasi ya kawaida, wakapata karibu 207.2. Wakapima iliyotoka kwenye urani ya Joachimsthal, kule Bohemia, ikatoa 206.7, kwa sababu ilikuwa imechanganyika na risasi ya kawaida. Kisha wakapima risasi kutoka fuwele za Morogoro. Ikatoa karibu 206.05. Safi! Jiwe letu lilikuwa limeikuza risasi yake lenyewe, kwa mamia ya mamilioni ya miaka, bila kuchanganywa. Wakemia wakakubali kwamba elementi moja inaweza kuwa na atomi za uzito tofauti. Hizo ndizo isotopu. Horovitz aliyekesha kwenye mizani hiyo aliuawa na Wanazi huko Treblinka mwaka 1942, na kwa miaka mingi jina lake likasahauliwa kama la mchimbaji wa Uluguru.

Sasa tufanye hesabu ndogo, msikimbie. Atomi moja ya urani ina tungamo la 238.05. Ikioza mpaka mwisho inabaki risasi ya 205.97 na atomi 8 za heli, kila moja 4.0026. Jumlisha: unapata karibu 237.995. Pamepungua 0.055. Hakuna mwizi. Tungamo hilo limeondoka kama nishati: mwendo wa chembe za alfa, mwendo wa zile beta zinazokaribia mwanga, na mionzi mingine. Beta kali kuliko zote katika ukoo huo zinatoka kwa asilimia 99 ya mwendo wa mwanga, na nishati yake nzima ni zaidi ya mara 7 ya ile ya elektroni iliyotulia.

Hiyo 0.055 inaonekana si kitu. Lakini kilo moja ya urani ikioza yote inapoteza takriban gramu 0.23, na hizo ni sawa na yuniti za umeme kama milioni 5.8. Mwenye nyumba ya kawaida Mpanda hawezi kuzimaliza yeye na vitukuu vyake. Bahati mbaya, au nzuri, jiwe halina haraka: nusu ya urani hiyo inahitaji miaka bilioni 4.5 kuoza. Kwa hiyo jiwe la Morogoro lilikuwa linaifanyia kazi kanuni ya Einstein kimya kimya, kabla hajazaliwa yeye na kabla hatujazaliwa sisi.

Mwaka 1914 vita ikaanza. Ziwa Tanganyika likawa uwanja wa mapigano, meli ya Goetzen ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ile ambayo baadaye iliibuliwa na kuitwa Liemba. Vita ilipoisha, tarehe 29 Mei 1919, kivuli cha jua kupatwa kilivuka kutoka Brazili, kikapita Atlantiki na kisiwa cha Principe, kikakata Kongo hadi kwenye Ziwa Tanganyika. Ni kupatwa kule kule ambako Waingereza walikopiga picha Sobral na Principe na kutangaza kuwa Einstein yuko sahihi kuhusu mwanga kupindwa na jua. Dunia ikamjua Einstein. Kwenye ziwa kivuli kilifika alasiri, baada ya saa kumi. Mganga Atiman alikuwa na miaka 30 Karema.

Tuangalie sasa ng'ambo. Mwaka 1915, Shinkolobwe, Katanga, liliwekwa alama shimo lenye urani tajiri kuliko yote yaliyojulikana. Kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, ikaanza kuuza radiamu mwaka 1922 na kuliteka soko la dunia. Urani yenyewe wakati huo ilionekana takataka tu. Halafu ikaja vita ya pili, na sehemu kubwa ya urani ya mradi wa siri wa Marekani ikatoka Shinkolobwe. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu likaanguka Hiroshima. Tungamo lililogeuka nishati katika mlipuko ule halikufika gramu moja. Shilingi ya kitenge ina uzito kuliko hiyo. Siku tatu baadaye, Nagasaki. Wale Wabelgiji waliotua Karema mwaka 1879 kutafuta njia ya Kongo hawakujua njia hiyo inafika wapi.

Na Mpanda je? Mpanda ulikua kwa sababu ya risasi. Uruwira Minerals walichimba hapo risasi na madini mengine, na reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa kwa ajili ya mgodi huo, ikafunguliwa mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, na watu wakabaki. Risasi ni ule mwisho wa ukoo wa urani, na pia ni ngao: hospitalini, aproni nzito anayovaa mpiga eksirei ina risasi ndani, kwa kuwa atomi zake nzito zinaizuia mionzi. Morogoro imetoa jiwe linalotoa mionzi, Mpanda imetoa metali inayoizuia. Sijaliona hili kwenye kitabu chochote cha shule.

Kabla sijamaliza, nilipe deni la swali la mwanzo. Je, tungamo linaongezeka kweli? Vitabu vingi vya zamani vinasema ndiyo, na kwa hesabu ya mtihani mambo yanakwenda. Lakini wanafizikia wengi wa leo wanasema hivi: tungamo la elektroni ni lile lile siku zote, kinachokua ni nishati yake na msukumo wake. Einstein mwenyewe, katika barua ya mwaka 1948, alishauri neno tungamo liachiwe kitu kilichotulia. Mtumbwi haujajaa dagaa. Ni kwamba karibu na mwendo wa mwanga, kila lita ya mafuta unayoongeza inanunua mwendo kidogo zaidi na zaidi. Kutoka tisa ya kumi kufika 99 ya mia unahitaji nishati ya mwendo karibu mara 5, na umepata nyongeza ya asilimia 10 tu. Mwaka 1964 William Bertozzi wa MIT alilionyesha hilo waziwazi. Alizipa elektroni nishati ambayo kwa Newton zingekimbia zaidi ya mara 7 ya mwanga. Zikagota pale pale, chini kidogo ya mwanga. Lakini alipopima joto zililotoa zilipogonga kituo, nishati yote ilikuwemo, haikupotea hata chembe.

Mambo haya tumeishi nayo sebuleni. Zile TV za chogo zilikuwa zinarusha elektroni kutoka nyuma hadi kwenye kioo kwa karibu theluthi ya mwendo wa mwanga, na fundi aliyezisanifu alilazimika kuhesabu nyongeza ya asilimia 5 aliyoitabiri Einstein.

Na tunaishi nayo hospitalini, hapo ndipo moyo wangu ulipo. Pale Ocean Road, Dar es Salaam, hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, mashine za kisasa za tiba ya mionzi zilianza kazi mwaka 2018. Mashine ya kawaida ya aina hiyo inaziharakisha elektroni kwa nguvu ya volti milioni 6, mpaka zinafika asilimia 99.7 ya mwendo wa mwanga. Zinagonga kipande cha metali nzito, zinatoa eksirei kali, na eksirei hizo zinaelekezwa kwenye uvimbe wa saratani. Uzito ambao Kaufmann aliubishia mwaka 1906 ndio unaohesabiwa kila asubuhi kabla mama mmoja hajalala kwenye kitanda kile. Ukikosewa, mionzi inakwenda pasipo pake.

Lakini mama huyo akitoka Karema? Aende Mpanda kwa gari, kutoka Mpanda achukue treni au basi, avuke nchi nzima, au apande kaskazini hadi Bugando, Mwanza, ambako nako kuna huduma ya mionzi. Tiba yenyewe ni ya wiki kadhaa, siku kwa siku. Atalala wapi? Nani atabaki na watoto na shamba? Elektroni ingeweza kwenda Karema hadi Dar kwa sehemu ya mia mbili ya sekunde. Mgonjwa anatumia siku, na wengine wanafika uvimbe ukiwa umeshakuwa mkubwa, wengine hawafiki kabisa. Bandari mpya ya Karema ilianza kazi mwaka 2022, na mizigo inavuka kwenda Kongo. Safi sana. Mimi nasubiri siku ambayo umbali wa mgonjwa utapewa uzito kama ule wa mzigo.

Atiman hakuwa na mashine. Alikuwa na elimu iliyoletwa mpaka alipo mgonjwa, na akakaa nayo hapo miaka 67. Mwalimu wa fizikia wa sekondari yoyote ya Katavi anayetafuta mfano wa kuanzia kesho asubuhi anao sasa: jiwe la Morogoro, 238.05 toa 237.995. Aandike ubaoni, awaulize wanafunzi iliyopungua imekwenda wapi. Halafu asifute mpaka wajibu.

Tuko pamoja.